Zimwi na Uji wa Nakiete

Sogeeni motoni, mwenye usingizi akalale.

Mjane Nakiete alikuwa na chungu cha ajabu: akimnywesha mwenye njaa, uji hujaa tena. Zimwi likavaa matambara, likabisha hodi. "Nisaidie kwa jina la Yesu." Akalijazia kibuyu mlangoni, likaenda zake. Likarudi bila haya, akalijazia tena. Lakini chungu hakikujaa; mara ya tatu ilibaki kata moja tu, na yatima wa jirani wanalia njaa.

"Leo keti, unywe hapa," akasema Nakiete.

Zimwi likaonja, likatema.

"Uji wangu wote ulikwenda wapi?" Nakiete akauliza.

"Kwa nguruwe wangu."

"Unamtaja Yesu ulishe nguruwe?" Akalitimua kwa mwiko, akawapa yatima ile kata. Chungu kikafurika.

Zimwi lile bado linaomba. Likija kwenu, lipeni kiti kwanza.