Suruali ya Kulalia ya Mwinyikondo wa Chanzi

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa ya miguu miwili!

Pakawa ya kiuno kimoja!

Basi sogezeni mikeka, mkae vizuri, maana kisa hiki ni cha kukaa vizuri.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji. Jina la kijiji silitaji, kwa sababu wajukuu wa watu hawa wako hai, na baadhi yao wana hasira. Lakini watu nitawataja mmoja mmoja, tena sawasawa. Jina likipotoshwa, sifa humwendea asiyestahili.

Palikuwa na bibi mmoja, Mwanjaa binti Mkomangi. Si Mwanjaa binti Mkamba. Yule aliuza tumbaku. Huyu alishona mikeka. Alisuka ukindu kuwa kili, mikanda mirefu kama nyoka, kisha akaziunga, chomo, chomoa, chomo, chomoa, mpaka mkeka ukapatikana. Maneno yake yalikuwa machache. Watu wakimjia na ugomvi, aliwapa kwanza mahali pa kukaa. Wengi waliondoka wamesahau walichojia.

Na palikuwa na mzee mmoja, Mwinyikondo wa Chanzi. Huyu alikuwa mkali. Jogoo akiwika, alimgombeza kwa kelele. Jogoo akinyamaza, alimgombeza kwa uvivu. Alikuwa mjane, na mtoto wake alikuwa mmoja tu, Sikudhani, binti ambaye wali wake ulinukia mpaka ng'ambo ya mto.

Sasa sikilizeni ada ya kijiji kile. Kijana akitaka kuoa, ilikuwa shurti amshonee baba wa binti suruali ya kulalia, kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya kuipeleka, chungu cha wali hubandikwa jikoni, na baba huivaa suruali mbele ya wazee. Chungu kikiwa motoni, anayo ruhusa ya kuirudisha, ila ataje sababu. Wali ukipakuliwa na suruali ingali mwilini, posa imepokelewa. Kijana alipewa nafasi tatu. Ya tatu ikirudi, posa imekufa, haifufuki.

Vijana watano walikwisha kumposa Sikudhani. Wote watano walirudi makwao na suruali kwapani.

Wa sita alikuwa Mwaruka wa Dibwe, mrina asali. Sikudhani alimtaka. Tunajuaje? Alikuwa akienda kuchota maji kwa njia ya kwenye mizinga, na njia ile ilikuwa ndefu mara mbili.

Lakini Mwaruka hakuwa amewahi kushika sindano. Vidole vyake, kwa kuumwa na nyuki, vilikuwa vinene kama ndizi bokoboko. Alinunua kitambaa cha marikani, kipya, kigumu, chenye wanga. Akajificha nyuma ya ua wa Mwinyikondo. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, wima, anagombeza kunguru. Mwaruka akampima kwa jicho: kiuno kiko hapa, kisigino kiko pale. Akakata, akashona, akapeleka.

Chungu kikabandikwa. Mzee akaivaa suruali, akasimama mbele ya wazee. Ikamkaa vizuri kabisa. Sikudhani akachochea moto.

"Keti, baba," wakasema wazee.

Mzee akaketi.

Praaaaa!

Msamba ukapasuka kutoka mgongoni mpaka kitovuni. Kuku wakakimbia. Wazee wakatazama juu, kama watu wanaotafuta mvua.

"Sababu," akasema Mwinyikondo, amejishika kwa mikono miwili, "mnaiona. Tena naomba msiendelee kuiona."

Hiyo moja.

Mwaruka akakata nyingine, pana zaidi, na ili isipasuke tena akaishona kila mahali. Alishona kulia, alishona kushoto, alishona palipostahili na pasipostahili. Mzee akatia mguu wa kwanza. Akatia wa pili. Miguu yote miwili ikakutana mahali pamoja, ndani ya kitu mfano wa gunia. Akajaribu kutembea. Tup! Tup! Tup! Akaruka kama chura mpaka kwenye kinu, akaanguka, pu!

"Huyu wa nyuki," akasema akiwa chini, "anaposa, au ananifunga nikauzwe sokoni?"

Maji ya wali yalikuwa hayajachemka.

Hiyo ya pili. Sikudhani aliutoa moto chini ya chungu, kuni moja moja, na hakumtazama mtu. Kesho yake alienda kisimani kwa njia fupi.

Mwaruka alipoona hivyo aliogopa kuliko siku yoyote aliyopanda mti wenye nyuki. Akaichukua suruali iliyopasuka, akaichukua na ile ya gunia, akaenda kwa Bibi Mwanjaa binti Mkomangi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa."

Akakaa. Bibi akaendelea na kazi, chomo, chomoa. Kisha akauliza bila kuinua macho:

"Mkweo ulimpima wapi?"

"Mlangoni kwake, Bibi."

"Akifanya nini?"

"Amesimama, anagombeza kunguru."

"Suruali hiyo ni ya kugombezea kunguru?"

"La, Bibi. Ya kulalia."

"Basi aliyesimama ulimpimia nini?"

Bibi akauliza tena:

"Na huyo Mwinyikondo hulalaje?"

"Sikudhani anasema halali. Hujifunga shuka. Shuka humpanda, humpanda, mpaka shingoni. Huamka anapigana nayo. Hii ni miaka sasa."

Bibi Mwanjaa akaweka sindano chini. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Sindano yake haikuwekwa chini hata kwa mazishi.

"Kumbe," akasema. "Kijiji kizima tunasema Mwinyikondo ni mkali. Si mkali. Ana usingizi."

Akainuka, akatoa pembeni mkeka mkuukuu, akautandaza. Katikati palikuwa na bonde, mviringo mpana, ukindu umelika na kung'aa.

"Huu ni mkeka wake. Nimeletewa niutie kiraka. Mkaribishe baba mkwe wako, huyo amekaa. Mkeka haumfichi mtu. Mpime."

Mwaruka akapima lile bonde kwa shubiri. Moja, mbili, tatu, na vidole vinne! Akashangaa.

"Bibi, mbona mlangoni hakuwa hivi?"

"Hakuna aliye hivi mlangoni. Mtu akikaa, hupanuka. Sasa lete hiyo iliyopasuka. Urefu wa miguu umeupata sawa, usiubadilishe. Angalia ilipoanza kupasuka. Nyuma, si mbele. Nyuma ya suruali shurti ipande juu kuliko mbele, upana wa vidole vinne, maana mtu akiinama, mgongo hudai nguo."

Mwaruka akaitwaa marikani mpya na mkasi.

"Wee!" Bibi akampiga mkono. "Umeifua?"

"Ni mpya, Bibi, haina uchafu."

"Nani kasema uchafu? Nguo mpya ina kiburi. Ifue, iache ijikunje, ndipo ukate. Ukikata kwanza, itajikunja mwilini mwa mkweo."

Akaenda mtoni, akaifua, akaianika, akairudisha laini. Na Bibi akamwimbia wimbo huu. Nanyi itikieni, maana una faida:

Fua kwanza!

Ndipo ukate!

Pima aliyekaa!

Siyo aliyesimama!

Marikani ikakunjwa mara mbili, miguu miwili ikakatwa pamoja, ili isije ikawa mmoja ndugu na mwingine jirani. Kila mguu ukashonwa peke yake, kutoka msambani mpaka kisiginoni, kama mfereji. Chomo, chomoa. "Aa!" Sindano ikaingia kidoleni.

"Nyuki je?" akauliza Bibi.

"Nyuki ni afadhali. Akishauma, hufa."

"Shona. Sasa ugeuze mguu mmoja, upande mzuri uwe nje. Mwingine uache hivyo hivyo. Utie huo uliogeuza ndani ya mwenzake."

Mwaruka akaduwaa. "Mguu ndani ya mguu? Bibi, tayari nimeitwa mfunga watu. Mzee atatembeaje?"

"Tia mkono wako, wacha maneno."

Akatia. Midomo ya juu ya miguu miwili ikakutana, uzuri kwa uzuri, ikafanya upinde kama mwezi mchanga.

"Shona upinde huo, kutoka mbele mpaka nyuma. Mara ya kwanza bandi, mshono wa kushikiza tu, mara ya pili kaza. Hapo ndipo praaa lilipotoka."

Chomo, chomoa. Chomo, chomoa. Alipomaliza, Bibi akaushika ule mguu wa ndani, akauvuta nje, fyuu! Suruali ikasimama mbele yao, ina kiuno kimoja na miguu miwili, kila mguu umetulia mahali pake. Mwaruka akapiga kelele kama aliyepata mzinga mtamu.

"Usipige kelele, hujapinda nefa," akasema Bibi.

Wakapinda kiuno kuwa nefa, njia ya kupitishia mshipi, wakaacha mdomo mdogo mbele. Mwaruka akaufunga mshipi kwenye kijiti, akakisukuma kijiti ndani kama nyoka katika shimo, mpaka kikachungulia upande wa pili. Wakapinda na chini.

Mwisho Bibi Mwanjaa akatia mkono ndani ya suruali, akapapasa kila mshono, polepole, amefumba macho. Mahali palipokuwa na fundo la uzi, akalifundua.

"Kwa macho ni nzuri," akasema. "Lakini mtu halali kwa macho."

Siku ya nafasi ya tatu ikafika. Wazee wakakaa. Bibi Mwanjaa akakaa karibu na jiko, na ule mkeka mkuukuu, umetiwa kiraka laini, akautandaza mahali pake pa siku zote. Sikudhani akabandika chungu. Maji yakamwagika majivuni, chwaaa.

Mwinyikondo akaivaa suruali. Akafunga mshipi. Akatembea. Haikubana. Akachuchumaa. Kimya. Kijiji kizima kilisubiri praaa, praaa halikuja. Akaruka kinu kwenda, akaruka kinu kurudi. Akainama kuokota kijiti ambacho hakukihitaji. Nyuma ikabaki imesitirika.

"Sababu, baba?" wakauliza wazee.

"Ngojeni," akasema. "Sababu ipo. Naifikiria."

Maji yakachemka, tokota, tokota. Mchele ukaingia.

"Nitakaa kidogo niifikirie vizuri," akasema Mwinyikondo.

Akakaa juu ya mkeka wake. Akakunja mguu, suruali ikamfuata. Akaukunjua, suruali ikamfuata. Akaegemea ukuta.

"Rangi yake..." akaanza.

Wakamngoja.

"Rangi yake, huyu wa nyuki, rangi..."

Kichwa kikainama.

Kroooo! Fyuuu.

Kroooo! Fyuuu.

Wazee wakatazamana. Mmoja akafungua kinywa ili amwamshe. Bibi Mwanjaa akamtazama tu, na yule mzee akakifunga. Sikudhani akapalia makaa juu ya chungu bila kugonganisha hata kifuniko. Jogoo akanyoosha shingo akitaka kuwika. Mwaruka akamdaka shingo kama anavyodaka sega. Na wali ukaiva, ukapakuliwa kwenye sinia, ukaliwa kwa kunong'ona.

Mwinyikondo wa Chanzi akaamka jua limeshaelekea kuchwa. Akapiga miayo mirefu. Akaona sinia tupu, na ukoko pembeni. Akakumbuka.

"Mmekula!"

"Tumekula, baba," wakasema wazee. "Posa imepokelewa."

"Nani kaipokea? Mimi sikusema kitu!"

"Umesema," akajibu Bibi Mwanjaa. "Umesema kroooo. Tena si mara moja. Sisi sote ni mashahidi."

"Nilisinzia kidogo!"

"Suruali ya kulalia, ndugu yangu. Umeijibu ilichokuuliza."

"Basi naivua! Naivua sasa hivi, tena hapa hapa!"

Akaushika mshipi kwa hasira. Wanawake wakageuka. Sikudhani akafumba macho. Mwaruka akasahau kumwachia jogoo.

Mzee akaushika mshipi. Akaufikiria. Akautazama mkeka. Akautazama ukuta alioegemea.

Akauachia mshipi.

"Binti," akasema, kwa sauti ya chini ambayo hapana aliyewahi kuisikia. "Hii ikifuliwa, mimi nitalalia nini?"

Sikudhani akamtazama Mwaruka. Bibi Mwanjaa akasema, "Muulize mwenye sindano."

Mzee akageuka. Na siku ile, kwa mara ya kwanza, hakusema huyu wa nyuki.

"Mwaruka wa Dibwe."

"Labeka, baba."

"Marikani imebaki?"

"Imebaki, baba. Imekwisha kufuliwa."

"Basi huo ukoko kula wewe na mkeo. Na umwachie jogoo wangu, anataka kuwika."

Jogoo akaachiwa, akawika kwa nguvu zake zote. Mwinyikondo akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sauti nzuri."

Wakaoana. Kunguru wakarudi uani. Bibi Mwanjaa binti Mkomangi, binti Mkomangi, si binti Mkamba, akarudi kwenye mikeka yake bila kudai shukrani. Alipofariki walimlaza kwa taratibu, kama alivyowalaza wao. Na katika kijiji kile mpaka leo, mtu akifoka bila sababu, hawamjibu. Huulizana tu: "Amelala huyu?"

Funzo ni hili: mtu usimpime amesimama na kufoka, ngoja akae, ndipo umjue kipimo. Na fua kwanza!

Ndipo ukate!

Hadithi yangu naikatia uzi hapo. Anayetaka kuiongeza urefu, na aipinde mwenyewe.