Kijani cha Lwitiko

Wapendwa, kabla sijaingia kwenye neno lenyewe, niwaulize kitu. Ni nani kati yenu amewahi kusimama akaangalia fremu ya pikipiki ikipigwa rangi? Sisemi kupita na kutupa jicho. Nasema kusimama mpaka mwisho. Mikono naiona michache. Pikipiki tunazipanda kila siku ya Mungu, zimetuleta hata hapa asubuhi hii, lakini kilicho chini ya tangi na kiti hatukijui. Basi nifuateni.

Palikuwa na fundi mmoja, tumwite Ambakisye. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, pale mji unapoishia na migomba inapoanza. Kazi yake ilikuwa moja tu, kupiga rangi fremu za pikipiki. Pikipiki ikichakaa, mafundi wengine waliifungua yote wakamletea yeye ule mfupa mtupu. Aliusugua kwa msasa mpaka kutu iishe, akapaka rangi ya kwanza ya kushika chuma, halafu akamimina rangi yenyewe kwenye bunduki ya kupulizia.

Sasa hiyo bunduki ndiyo iliyonitia udadisi. Kumbe kuichagua nayo ni elimu! Alipoanza kazi, Ambakisye alinunua bunduki kubwa, ile ya kupigia rangi magari, akidhani kubwa ndiyo bora. Bunduki ile hutapanya rangi pana kama ungo. Kwa mlango wa gari, sawa. Lakini fremu ni mabomba membamba na kona tupu. Rangi nyingi ikawa inapita pembeni inakwenda na upepo, na mama aliyekuwa akipika vitumbua kibanda cha pili akajikuta anauza vitumbua vya bluu. Mnacheka. Yeye hakucheka.

Ikabidi fundi arudi dukani kutafuta bunduki ndogo, yenye kikombe juu na tundu jembamba. Muuzaji akaweka maji kwenye kikombe ili ajaribu. Watu wengine hujaribu kwa kuangalia maji yanavyotua kwenye boksi. Ambakisye alifumba macho. Akasikiliza upepo unavyotoka, akapitisha kiganja mbele ya ule ukungu, akatikisa kichwa, akaomba nyingine. Hiyo nayo akairudisha. Alipopata iliyovuma sawasawa bila kukohoa, akasema, "Hii." Waliokuwa dukani walidhani alikuwa anaiombea.

Kwa nini alifumba macho? Kwa sababu macho yake hayakuwa ya kuyategemea. Ambakisye alizaliwa haoni tofauti ya nyekundu na kijani. Hakuwa kipofu, sindano ikianguka vumbini aliiokota yeye. Ila rangi hizo mbili kwake zilikuwa mapacha. Alipokuwa mdogo mama yake alimtuma bustanini kuchuma nyanya zilizoiva, akarudi na kikapu cha nyanya mbichi. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku ile akajifunza kuficha. Mkewe, Tumpe, ndiye peke yake aliyejua.

Nanyi mnajiuliza, kama mimi nilivyojiuliza: mtu asiyeona rangi anapigaje rangi? Tena fremu zake zilisifiwa. Zilikuwa laini kama ganda la yai, hazina tone lililoteleza, na mteja alikuwa akisema, "Ndiyo hii hasa niliyokuwa naifikiria!"

Alikuwa anauliza, wapendwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yake. Mteja akifika, Ambakisye hamwachi aondoke. "Unataka rangi gani? Bluu ipi? Ifananishe na kitu. Ya kitenge cha nani?" Akianza kuchanganya, anamsimamisha kando ya kopo. "Angalia. Niongeze? Bado? Sema ikifika." Mteja akisema imefika, Ambakisye anarudia, "Una hakika?" Watu walisema, huyu fundi ana heshima, hakulazimishi rangi yake. Hawakujua kwamba alikuwa anaazima macho yao.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi mwingine, Gwakisa. Huyo macho yake yalikuwa wembe. Ukimletea kipande cha rangi kidogo kama ukucha, anakuchanganyia inayofanana nacho bila kukuuliza chochote. Siku moja, kibanda chake kikiwa kimya, akavuka barabara, akakaa kwenye benchi la Ambakisye kupiga soga.

Ndipo akaja kijana mmoja, Lwitiko, na fremu begani. Alikuwa ameanza tu kazi ya bodaboda, na kijiwe alichokubaliwa kina utaratibu wake: pikipiki zote ni za kijani. Huna kijani, huna abiria.

"Fundi, nipigie kijani," akasema. "Kama jani la mgomba. Kesho asubuhi viongozi wa kijiwe wanakuja nami kuikagua."

"Haya, simama hapa kidogo tuchanganye pamoja," Ambakisye akamwambia. "Unione ninavyo..."

"Ah, fundi! Kijani tu mpaka nisimamie? Si unakijua kijani?"

Gwakisa akacheka pale kwenye benchi. "Jirani, miaka yote hii bado unawauliza wateja rangi ya majani?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini Ambakisye alisikia kile kicheko cha bustanini. Akasema, "Nenda, kijana. Kijani nakijua."

Lwitiko akaenda zake. Makopo mawili, la kijani na la nyekundu, yalikuwa chini ya meza, na karatasi za majina zilikuwa zimeliwa na tina ya kuoshea bunduki. Ambakisye akayafungua yote mawili. Akayainamia. Mteja hayupo. Tumpe yuko sokoni. Gwakisa yuko pale pale kwenye benchi, anamwangalia usoni. Angeweza kusema neno moja tu: "Jirani, hebu nione, lipi ni lipi?" Neno dogo namna hiyo. Hakulisema. Akachukua kopo la kushoto kama mtu mwenye hakika, na kabla hajalimimina Gwakisa akaitwa na mteja ng'ambo, akaondoka.

Na alipiga vizuri, wapendwa! Alishika bunduki umbali wa shibiri, akapitisha mkono bila kusita, akafuata kila bomba mpaka kwenye maungio, akaacha ikauke, akarudia. Kwa kazi ya mkono, haikupata kutokea fremu nzuri kama ile.

Asubuhi Lwitiko akaja na viongozi wa kijiwe. Wakaikuta inaning'inia kwenye kamba, inang'aa, rangi ya damu ya mzee.

Wakacheka. Walidhani ni utani.

"Fundi, hii ya nani? Yangu iko wapi?"

"Ndiyo hiyo," Ambakisye akasema. "Kijani chako."

Kicheko kikaendelea kidogo, kisha kikakatika chenyewe, maana walimtazama usoni wakaona hatanii. Lwitiko akamwangalia fundi, akaangalia fremu, machozi yakamlengalenga. Kiongozi mmoja akang'oa jani la mgomba nyuma ya kibanda, akaliweka juu ya lile bomba. "Fundi, unasema hivi vitu viwili vinafanana?"

Ambakisye akatazama. Akatazama sana. Mama wa vitumbua ameacha kikaango chake, Gwakisa amesimama ng'ambo. Akasema, "Sijui."

Akafunga kibanda, akaenda nyumbani. Akamwambia Tumpe, "Kazi imekwisha. Sasa wamejua siwezi kuona. Nitauza bunduki, nilime."

Tumpe alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Baba Nsajigwa, kwani macho yako yameharibika jana?"

"Unajua nilizaliwa nayo."

"Basi zile fremu nyingine zilitokaje?"

"Nilikuwa nauliza."

"Na jana?"

Tumpe akaendelea na maharage yake.

Wapendwa, nanyi jibuni swali la mama huyu. Na jana? Macho yalikuwa yale yale. Siku ya sifa aliamka nayo, siku ya aibu aliamka nayo. Kitu gani kilibadilika? Nani aliiharibu fremu ya Lwitiko? Msiniambie ni macho.

Ambakisye alirudi kibandani kabla jua halijakuwa kali. Akamfuata Lwitiko pale kijiweni, mbele ya wenzake, akasema: "Mdogo wangu, nisamehe. Mimi nyekundu na kijani sizitofautishi tangu kuzaliwa. Jana niliona haya kukuambia. Njoo usimame kando ya kopo, uwe macho yangu, niipige upya." Lwitiko akafikiri, akasema, "Ungeniambia jana, kaka, ningesimama." Wakaondoka pamoja. Wakasugua, wakachanganya, Lwitiko akiinamia kopo: "Bado... ongeza... hapo hapo, simama!" Ikatoka kijani.

Hamjaiona bado sehemu iliyonishangaza. Baada ya Lwitiko kuondoka na fremu yake, mtu akavuka barabara. Gwakisa. Mkononi ameshika bunduki yake ya rangi. Ambakisye akajua amekuja kumsimanga, akajiandaa.

Gwakisa akakaa. Akaigeuza ile bunduki huku na huku. Akasema kwa sauti ya chini, "Jirani, fremu zangu zinalia. Kila kona, rangi inateremka kama machozi, nakesha nikizisugua kabla mteja hajaziona. Nimekaa ng'ambo miaka yote naona zako hazilii. Nilitaka kukuuliza unachaguaje bunduki, na upepo unaufungua kiasi gani. Niliona aibu. Nilidhani utanicheka."

Ambakisye akaichukua, akafumba macho, akavuta kifyatulio. "Upepo wako ni mdogo, rangi umeifungulia mno," akasema. "Na hii ni bunduki ya magari. Twende dukani."

Mnaelewa kilichotokea? Mmoja alikuwa na macho, hana mkono. Mwingine alikuwa na mkono, hana macho. Mungu aliwapanga ng'ambo na ng'ambo, barabara nyembamba ukitupa jiwe linavuka, na kwa miaka yote hakuna aliyevuka kumwuliza mwenzake, kwa sababu kila mmoja alikuwa analinda aibu yake.

Sasa ni sisi. Sisi tunamwomba Mungu atuondolee udhaifu, tunafunga, tunalia. Wakati mwingine anauacha pale pale. Umewahi kujiuliza kwa nini? Mimi nadhani ni kwa sababu siku atakayouondoa, hatutamwuliza mtu tena. Kuna mama hapa alipewa dawa zahanati, akaambiwa maelezo yapo kwenye boksi, akaitikia "ndiyo", na kusoma hajui. Mtoto anakunywa kwa kubahatisha. Kuna baba hajui aseme nini na binti yake, kwa hiyo anafoka tu, kila mtu anadhani ni mkali. Kuna mtu anaimba kwaya mstari wa mbele na imani yake imekauka, na aliye kushoto kwake amewahi kupita humo humo akatoka. Wanashika pamoja kitabu kimoja cha nyimbo. Hawajawahi kuulizana.

Nani alitufundisha kwamba mkristo ni mtu anayejua? Aliyetuumba hakumpa mtu mmoja kila kitu, na hakusahau. Alifanya makusudi. Kile ulichonyimwa wewe, yuko aliyepewa, na amekaa karibu nawe kuliko unavyodhani.

Basi ibada ikiisha leo, msikimbilie milango. Kila mmoja amtafute mtu mmoja, amwambie: hili silijui, nisaidie. Litakuwa zito mdomoni, najua. Litamke hivyo hivyo. Mimi nitakuwa pale kwenye ngazi, na ninalo langu la kumwuliza mmoja wenu.