Jua Katika Pango la Bibi Pimbi

Hapo zamani za kale, sogeeni basi msikie, wanyama wa Kilimawe walikuwa na sheria moja: pango linaloingiwa na mwanga ni nyumba ya mtu, pango la giza ni ghala, na mwenye mzigo hulichukua.

Mwenye mzigo alikuwa Fisi. Na pango alilolitaka ni la Bibi Pimbi, mjane mwenye wana watatu.

Kila asubuhi jua liliingia kwa tundu la mashariki, likapita moja kwa moja, likatokea kwa tundu la magharibi. Halikugusa hata ukuta. Ukitazama pale katikati, huoni kitu.

"Giza tupu!" Fisi akamwambia Hakimu Nyati, aliyemleta pangoni kuamua.

"Mwanga upo, mheshimiwa," akasema Pimbi. Akachukua chekeche lake la unga. Che-che-che! Mara mwanga ukaonekana, mweupe, umenyooka toka tundu hadi tundu.

"Huo ni unga!" akafoka Fisi. "Nataka mwanga wenyewe, usiogusa kitu! Unga marufuku, moshi marufuku, hata mkono marufuku!"

Nyati akatikisa pembe. "Hoja nzito hiyo. Bibi, kama huna, uhame leo."

Hebu niambieni, hiyo ni haki? Mama wa watu anapewa mtihani usio na jibu, na aliyeutunga ndiye anayeisubiri nyumba!

Pimbi akainamisha kichwa. "Haya, nitahama. Ila kaka Fisi, nakuomba, usichungulie tundu la mashariki. Kuna mifupa ya mbuzi nimeificha huko nje."

"Mifupa?" Mate chururu! Fisi huyo, jicho tunduni.

"Yalaa! Jicho langu! Jua!"

"Jua lipi, kaka? Si ulisema giza tupu?"

"Limenichoma! Nimeliona!"

"Umeliona kwa kitu gani?"

"Kwa jicho, mjinga wee!"

"Na jicho lako ni hewa, au ni nyama?"

Kisha Nyati akaangua kicheko, kwa kwa kwa, mpaka vumbi likadondoka darini. "Fisi, mwanga umekugusa jicho ndipo ukauona. Hata wewe huna huo usiogusa kitu! Hii ni nyumba. Toka!"

Fisi akatoka akipapasa ukuta. Pimbi akarudi kwenye unga wake, maana watoto walikuwa hawajanywa uji.

Basi shikeni hili: mwanga hauonekani mpaka uguse kitu, na anayekukatalia kila ushahidi hatafuti ukweli, anatafuta nyumba yako.