Maji ya Sakafuni

Maji ya sakafuni hayalii kama ya mwilini.

Mmeisikia asubuhi hii kwa shangazi yenu, Kibwana alipomwomba radhi huku macho yake yako kwenye simu. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maji yameingiaje hapo. Nitawaeleza. Ninyi ni watu wazima sasa, wengine mmeshachumbiwa, kwa hiyo sitazungukazunguka. Methali hii ilitoka katika nyumba moja ya Pangani, na mambo yalikuwa hivi.

Nyumba za mtaa ule zilibanana. Ua na ua vilitenganishwa na ukuta wa udongo usiozidi kimo cha mtu, na kila ua ulikuwa na pembe ya kuogea, sakafu yake ya mawe. Sheria mnaijua: mume na mke wakikutana usiku, hawasali alfajiri mpaka waoge janaba. Wanaume wengi walioga msikitini, wanawake uani. Basi kabla ya adhana, aliyekuwa macho alisikia kata ikigonga mtungi na maji yakimwagika, akajua jirani yake ana amani na mwenzake. Hakuna aliyelisema jambo hilo. Lakini kila mtu alisikia, na kwenye nyumba ya maharusi walitega sikio zaidi.

Mize aliolewa mtaani hapo na Mwinjuma, fundi wa kushona kanzu. Mchana kutwa Mwinjuma alikuwa mume mwema. Alimtekea mkewe maji kisimani, kazi ambayo wanaume wenzake waliionea haya, na akirudi sokoni alimletea vitumbua ndani ya jani la mgomba. Usiku alitandika mkeka kando ya kitanda, akageukia ukutani. Jumatatu na Alhamisi alifunga. Miezi ikapita, Mize akabaki kama alivyotoka kwao.

Mize aliogopa kitu kimoja: kurudishwa. Mwinjuma alishaanza kusema kwamba mke kama yeye anastahili mume bora, naye alielewa maneno hayo yanaelekea wapi. Mwanamke arudishwaye angali mwali huulizwa ana kasoro gani, mume haulizwi. Kwa hiyo Mwinjuma akishatoka kwenda msikitini, Mize aliingia uani, akachota maji kwa kata, akayamwaga sakafuni. Majirani wakasikia. Mama mkwe akaanza kumtazama tumbo.

Ng'ambo ya ukuta aliishi Bi Msilo, somo yake, aliyemfunda alipovunja ungo. Siku moja walipokuwa wakichagua mchele, Bi Msilo alisema bila kuinua macho:

"Mwanangu, alfajiri huwa unaoga, au unaosha mawe?"

"Naoga, somo."

"Haya. Mimi nimeyasikiliza maji ya mtaa huu tangu sijaota mvi. Maji ya mwilini hufika chini yamechelewa, tena vipande vipande. Yamepita begani, yamepita kiunoni. Yako yanaanguka pwaa! kama mtu kamwaga maji ya kuoshea samaki. Na kipupwe chote hiki hujashtuka hata mara moja? Mimi huku nalia kama kuku."

Mize alicheka, kisha akalia, kisha akasema yote.

"Nilikufunda wewe, yeye sikumfunda," Bi Msilo akamwambia. "Muulize mwenyewe. Ila muulize mchana. Usiku mtu hukujibu kwa kisogo."

Akamuuliza siku hiyo hiyo, Mwinjuma akiwa kwenye cherehani. Mguu wake ukasimama.

"Kabla sijakuoa nilifanya kazi mashamba ya mkonge," alisema. "Kulikuwa na mwanamke kambini. Nilikwenda kwake, nikamlipa. Mwili huu mchafu, Mize. Nikikugusa nitakupaka."

"Ulitubu?"

"Nilitubu. Nilimweleza Maalim wa msikiti. Akasema aliyetubu kwa kweli ni kama asiyetenda. Akaniambia nioe, tena mume akimwendea mkewe hapati dhambi, anapata thawabu."

"Hukumsadiki?"

"Nilimsadiki. Lakini nikikutamani, naona tamaa ni ile ile."

"Jina lake nani?"

"La nani?"

"Huyo mwanamke."

Mwinjuma alifikiri. "Sikumuuliza. Niliondoka bila hata kuaga."

"Hapo ndipo pa kuonea haya," Mize alisema. "Mwombee dua, Mungu anamjua kwa jina. Lakini usiniambie tamaa ni ile ile. Mimi jina langu unalijua. Unajua kwamba napenda vitumbua vilivyoungua kidogo. Na sasa nami nikwambie langu."

Akamweleza habari ya maji. Mwinjuma alishika kichwa. "Kumbe! Nami najiuliza mtungi huu unavuja wapi!"

"Cheka tu. Mimi namwaga maji sakafuni ili watu wasikie, na mwili wangu mkavu. Wewe je, mume wangu? Unafunga, unasali, unalala chini kama mfungwa, na toba yote inapita kando yako. Hata tone halijakugusa. Bi Msilo ametambua kwamba maji yangu ni ya uongo, naye yuko nyuma ya ukuta. Mungu hana ukuta."

Mwinjuma aliurudisha mguu kwenye cherehani. Alishona mpaka kanzu ikaisha. Jioni aliukunja mkeka wake, akausimamisha nyuma ya mlango.

Ya usiku ule sitawaambia, kwa kuwa hakuna ayajuaye. Ya alfajiri yanajulikana, maana Bi Msilo aliyasikia. Kata iligonga mtungi, maji yakafika chini yamechelewa, na Mize akapiga kelele: "Uwii! Baridi! Unanimwagia yote kwa mpigo?"

"Polepole, mtaa unasikia," sauti ya kiume ilinong'ona.

"Na usikie! Umesikia uongo miezi mingapi?"

Bi Msilo aligonga ukuta kwa kiganja. "Alhamdulillahi. Sasa tuacheni na sisi tusali."

Tangu hapo wanawake wa mtaa wakawa na usemi wao. Kwanza waliutumia kwa utani wa maharusi. Baadaye ukatumika kwa kila saumu, kila toba na kila radhi isiyomgusa mwenyewe.

Kibwana, rudi kwa shangazi yako. Simu iache hapa. Maji ya sakafuni hayalii kama ya mwilini.