Kashata ya Bi Chausiku na Fomu ya Mstari Mmoja

"Ombi la Kibali cha Msindikizaji Mmoja (1) wa Mgonjwa Asiyejiweza. Fomu Na. 7B. Ijazwe kwa wino mweusi."

Hilo ndilo jina la karatasi iliyowagombanisha watoto wa Bi Chausiku wa Pangani. Sogeeni niwasimulie. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja, na wao walikuwa watatu.

Mwanaisha, kifungua mimba, alijaliwa masikio: karanga zikiwa kikaangoni, mlio wake humwambia lini aziepue. Mhina, wa kati, alijaliwa pua: huinusa sukari inayotaka kuungua kabla haijaungua. Tausi, kitinda mimba, alijaliwa ulimi: anajua pilipili ya kumtoa mtu chozi na bado akanyoosha mkono kuomba kipande cha pili.

Mama yao alikuwa na siku ya tisa hajala. Uji, mchuzi, hata chungwa, vyote alisema ni majivu. Saa nane mchana gari la wagonjwa lingekuja kumpeleka hospitali kubwa. Daktari alikuwa amesema, "Tutaangalia," na mtu mzima akiambiwa hivyo haulizi tena. Atakayemsindikiza ndiye atakayekuwa naye mwisho.

Asubuhi hiyo mama akafumbua macho. "Nataka kashata ya karanga. Ile ya pilipili."

Mwanaisha akakaanga karanga, sikio kalitega. Zilipolia kama matone ya kwanza juu ya bati, akaepua, akazipepeta ungoni. Zingekaa kidogo tu, zingekuwa chungu.

Mhina akayeyusha sukari, mwiko hauachi. Jirani akapiga hodi hadi akachoka.

"We Mhina, umekuwa kiziwi?"

"Bibi wee, nina sukari motoni! Hata mgeni wa heshima angesubiri!"

Ilipofika rangi ya asali, akaepua.

Tausi akatwanga pilipili kichaa na tangawizi, akaonja kwa ncha ya kidole, akapunguza, akaongeza chumvi kidogo.

Wakachanganya, wakamimina kwenye sinia lililopakwa mafuta. Wakamega kona moja, wakaipuliza, wakampa mama. Akaimumunya. Machozi yakamtoka.

"Eeh! Hii nimeisikia," akasema. "Aliyenirudishia ulimi wangu ndiye nitakayekwenda naye." Akasinzia.

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Semkuya, alikuwa barazani na mhuri wake.

"Jina moja," akasema. "Nikiandika matatu, fomu ni batili."

"Basi andika 'watoto wake'," akasema Mhina.

"'Watoto wake' ana tarehe gani ya kuzaliwa?"

Wakaanza.

"Bila karanga zangu mngempa nini, peremende?" akasema Mwanaisha.

"Dada, karanga bila sukari ni chakula cha kuku," akasema Mhina.

"Mama hakukosa chakula, alikosa ladha," akasema Tausi. "Bila pilipili yangu angetema, kama alivyotema chungwa."

Hakuna aliyesema uongo, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Mwenyekiti akashauri kura. Wakapiga: moja, moja, moja. Akayanakili matokeo kwa mwandiko mzuri kabisa, akayagonga mhuri, akashauri warudie. Wakarudia.

Sasa, kila apikaye kashata anajua kwamba hukatwa ingali moto. Hao watatu walilijua hilo tangu utotoni. Mama yao ndiye aliyewafundisha. Siku hiyo hakuna aliyelikumbuka sinia.

Je, wenzangu, kwenye mstari ule mngemwandika nani? Aliyesikia, aliyenusa, au aliyeonja? Amueni, ila msikawie kama wao.

Gari lilifika saa nane. Fomu ilikuwa na mhuri, haina jina. Kashata ilikuwa imeganda sinia zima, kisu hakipiti. Bi Chausiku alikwenda peke yake.