Chungu cha Makande cha Nakijwa

Zamani!

Nani huyo kasema "naam"? Jana nimewafundisha, juzi nimewafundisha. Nikisema "Zamani!", nyinyi mnaitikia "Tupeleke!" Haya, tena. Zamani!

Tupeleke!

Tunakwenda, ila tunakwenda kwa miguu, na atakayechoka njiani asinililie. Sogeeni mkekani, ukungu huo wa nje hauondoki leo. Mrutu, toa kidole puani.

Tunakwenda zamani ile ambayo hata bibi yangu mimi aliisikia tu kwa bibi yake. Milima hii ilikuwepo, baridi hii ilikuwepo, lakini watu walikuwa wachache na vijiji vilikuwa mbali kimoja na kingine. Katika kijiji kimoja, Kilangwe, aliishi mama aliyeitwa Nakijwa.

Nakijwa hakuwa tajiri. Alikuwa na kishamba cha mahindi, maharage katikati ya mahindi, karanga kidogo pembeni, na mboga ya mnavu iliyojiotea yenyewe. Basi. Nyama aliiona kwenye harusi za watu. Lakini mkono wake, jamani, mkono wake! Angekupikia makande ukasahau kwenu. Anayatwanga mahindi kinuni mpaka ganda litoke lote. Anayaloweka na maharage tangu jana yake. Anabandika, anaupunguza moto, anakaa. Chumvi? Chumvi mwishoni, maharage yakishalainika! Wewe Nangasu unayetia chumvi mapema halafu unalia kuni zimekwisha, unanisikia? Kisha karanga za kutwanga, kisha konzi ya mnavu, kisha jani la mgomba juu ya chungu. Hivyo tu. Kilikuwa chakula cha mtu asiye na kitu, na watu walikuwa wanazunguka njia ndefu makusudi ili wapite mlangoni kwake saa ya kupakua.

Mumewe aliitwa Senkoro. Walizaa mabinti watatu, na pamoja na wageni, mkono wa Nakijwa ukazoea chungu cha watu kumi. Mabinti wakaolewa mbali, mwendo wa siku nyingi, mmoja baada ya mwingine. Kisha Senkoro akaugua kifua, akafa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa. Kilangwe walikuwa na desturi yao. Mwenye nyumba akifa, yale mafiga matatu ya jikoni yanang'olewa, jiko linakaa bila moto, na majirani wanamletea mjane chakula. Mwezi ukiandama mara mbili, dada wa marehemu anakuja. Anayarudisha mafiga kwa mikono yake, mjane anapika chungu cha kwanza, na huyo dada anakula kabla ya mtu mwingine yeyote. Akishakula, nyumba imefunguka, kila mtu anakaribia kama zamani. Asipokula, hakuna wa kutia mkono katika chakula cha nyumba ile. Walisema ukila hapo, unakula sahani moja na marehemu. Na nani anataka hilo?

Mwezi ukaandama mara ya kwanza. Mwezi ukaandama mara ya pili. Dada yake Senkoro, Nasemba, aliyeolewa ng'ambo ya mlima, hakuja.

"Labda mvua imemzuia," akasema Nakijwa.

Mvua ikaisha. Hakuja.

"Labda ana mgonjwa."

Mavuno yakaja, yakapita. Nasemba hakuja. Na majirani nao, kwa kuwa muda wa kumlisha ulikwisha, wakaacha kuleta chakula. Njaa haijui desturi wanangu, inauma tu. Nakijwa akainama, akayarudisha mafiga mwenyewe, figa la kwanza, la pili, la tatu, huku analia. Akapika. Akapakua. Akatoka mlangoni.

Jirani yake Mkunde, mwanamke waliyekuwa wakiazimana hata mwiko, alikuwa anapita na mzigo wa kuni.

"Mkunde, dada yangu, pita. Nimepakua sasa hivi."

"Aa, mwenzangu, nimeshiba."

"Basi onja tu."

"Hapa kooni, dada. Siku nyingine."

Muongo! Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi, na lile tumbo lilikuwa linanguruma mpaka Nakijwa analisikia. Kesho yake Nakijwa akamkaribisha mwingine, "nimeshiba." Kesho kutwa mwingine, "nimeshiba." Kijiji kizima cha watu wembamba, wote wameshiba! Walimsalimu vizuri, walimpisha njia, hawakumtukana hata siku moja. Ila mlango wake hawakuuvuka. Na pembeni waliulizana, "Wifi yake hajaja bado?" "Hajaja." "Basi nani atangulie? Mimi?" "Mimi?" Kila mmoja akamwangalia mwenzake.

Akapika peke yake. Akapakua peke yake. Akala peke yake. Akaosha chungu.

Nangasu anauliza kwa nini asimwite huyo wifi yake. Swali zuri, nyamaza nilijibu. Kilangwe, mjane akimwita wifi, ni kama anasema amechoka kumlilia mume. Aibu! Nakijwa alimpenda Senkoro, asingeweza kusema neno kama hilo. Kwa hiyo akangoja. Mwaka wa kwanza akangoja. Mwaka wa pili akangoja.

Na mnajua kilichomtesa zaidi? Chungu. Mkono wake haukujua kupimia mtu mmoja. Akichota mahindi, anachota ya watu kumi. Anarudisha, anarudisha tena, yanabaki konzi mbili chini ya chungu, anayaangalia, yanamtia huzuni. Akiweka maji kidogo, yanaungua. Akiweka mengi, yanakuwa uji. Mwanamke aliyelisha njia nzima akawa anakula makande yaliyoungua kama msichana anayejifunza! Mwisho akachoka, akarudi kupika chungu kikubwa. Anakula mchana, anakula jioni, anakula kesho yake yamepoa, anakula kesho kutwa yameanza kuchacha. Akapika. Akapakua. Akala. Akaosha chungu. Siku nyingine hakusema neno hata moja kutwa nzima, kwa sababu angemwambia nani?

Mwaka wa tatu ukapita hivyo. Wa nne ukaingia.

Siku moja, katika mwaka huo wa nne, Nakijwa alipakua makande, akageukia kigoda alichokuwa akikalia mumewe, akasema kwa sauti, "Karibu, yasipoe." Akajisikia. Akashika mdomo. Sauti yenyewe ilikuwa imekauka, hakuitambua. Akaogopa, wanangu. Akasema moyoni, nitakufa humu ndani, na hakuna binadamu atakayekuwa amekula mkononi kwangu tena. Hakutaka mali, hakutaka mume mwingine. Alitaka mtu mmoja tu akae mbele yake ale.

Akakitazama chungu, akasema, "Aibu na iwe aibu. Kesho nakwenda."

Alfajiri akapika chungu kizima, cha watu kumi. Akakifunga kwa majani ya mgomba, akaweka ngata kichwani, akakitwika. Akapanda mlima. Jua likampata juu, shingo inauma, hajapumzika. Na njia nzima alikuwa anagomba. "Nitamwambia! Nitamuuliza, nimekukosea nini? Kaka yako nilimuuguza mimi, nikamfumba macho mimi. Nitamwambia!" Alikuwa na maneno ya miaka minne, na yote aliyapanga.

Alasiri akafika. Akaona nyumba ndogo, na mlangoni ameketi mwanamke mnene, miguu imevimba, ameinyoosha juani.

"Hodi," akasema Nakijwa.

Nasemba akainua macho. Akamtazama, akakitazama chungu, akaanza kulia.

"Umekuja kuniita," akasema. "Wifi yangu, umechelewa hivyo! Miaka minne nakungoja. Nimesema Nakijwa kanichukia, hataki nikanyage kwa kaka yangu."

Yale maneno yote yaliyopangwa yakamwisha Nakijwa. "Unaningoja mimi? Mimi ndiye niliyekuwa nakungoja wewe! Kwenu Kilangwe dada haitwi, anakuja mwenyewe. Umesahau?"

"Nimeolewa huku nikiwa binti mdogo, Nakijwa. Huku dada haendi mpaka aitwe. Akienda bila kuitwa, wanasema amefuata mbuzi wa kaka yake."

"Mbuzi gani? Tulikuwa na mbuzi wawili, na mmoja kiwete!"

Nasemba akacheka huku analia. Cheka, lia, cheka, lia. Kumbe hata yeye alikuwa mpweke, mume amekufa, watoto hakujaliwa, na miguu ile haikumfikisha hata kisimani. Binti wa jirani alimletea maji asubuhi, akaenda zake.

Nakijwa akatua chungu. Hakuuliza jiko liko wapi, aliona mwenyewe. Akapasha moto, akapakua, akampa wifi yake mkononi. Yeye mwenyewe hakula. Alikaa akitazama. Nasemba akatia tonge mdomoni, akatafuna, akameza. Akatia la pili. Kisha akakunja uso.

"Chumvi imezidi," akasema.

Jamani! Mngemwona Nakijwa. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. Nasemba akashtuka, "Nimekuudhi? Ni tamu lakini, ni tamu sana, ila chumvi kidogo..."

"Sema tena," akasema Nakijwa.

"Nini?"

"Kwamba imezidi. Sema tena, wifi yangu. Miaka minne sijasikia mtu akinilalamikia chakula."

Siku hiyo hawakulala mapema, wala mimi siwaambii walizungumza nini, hayo ni ya mawifi.

Huko Kilangwe je? Siku ya kwanza hakukuwa na moshi nyumbani kwa Nakijwa, watu wakapita zao. Siku ya pili, Mkunde akachungulia. Siku ya tano akasukuma mlango. Miaka minne hajauvuka, siku hiyo akauvuka! Jiko la baridi. Maharage yaliyolowekwa na kusahaulika, yameota ndani ya maji. Kigoda kimoja kimekaliwa mpaka kinang'aa, kingine kina vumbi. Mkunde akapiga kelele, watu wakajaa.

"Nilijua wewe unamwangalia!"

"Mimi? Nilijua ni wewe!"

"Nani amemwona mara ya mwisho?"

Mchunga mbuzi mmoja mzee akasema alimwona akipanda mlima na chungu kichwani. Basi wakatoka, Mkunde, na Mzee Kangero mkuu wa kijiji, na wengine watatu, wakaufuata mlima.

Walimkuta Nakijwa uani anapepeta maharage, na Nasemba kando anampigia domo. Mzee Kangero akakohoa. "Nakijwa, tumekuja kukurudisha nyumbani."

"Karibuni," akasema Nakijwa. "Mmetoka mbali. Nimepakua."

Wakatazamana. Mkunde akafungua mdomo, na mnajua alichotaka kusema. Nasemba akampiga jicho kali.

"Mimi ndiye dada wa Senkoro," akasema. "Nimekula siku sita mfululizo, na nimenenepa. Mnamngoja nani tena?"

Wakakaa. Wakala. Ulisikia vidole tu vikikomba sahani. Mkunde alikula huku machozi yanamwagika kwenye makande, na hakuyafuta. Mwisho akasema, "Dada, harufu hii ilikuwa inafika kwangu kila siku. Kila siku nilikuwa nafunga dirisha."

Nakijwa akamwongeza tu.

Walipomaliza, Mzee Kangero akasimama. "Haya, jiko lako limefunguka. Twende. Nyumba yako ipo."

"Ipo," akasema Nakijwa. "Kule nina nyumba, mzee wangu. Hapa nina mtu."

Wakambembeleza, akakataa bila hasira. Wakashuka mlima, na walipofika Kilangwe wakaliona lile paa lisilo na moshi. Liliwasimamia pale mpaka lilipoanguka lenyewe, mwaka baada ya mwaka. Waliipita nyumba ile walipokwenda shamba, na waliipita walipokwenda kisimani.

Mkunde ndiye aliyechelewa kushuka. Alibaki mlangoni kwa Nasemba akivutavuta pindo la kanga yake.

"Nakijwa, naruhusiwa kuja tena?"

"Usiniulize, Mkunde. Njoo tu."

Akaja. Wanasema alikuja kila mwezi mpaka miguu yake nayo ilipomkatalia, na kila akila alisema chumvi imezidi, hata siku ambazo haikuzidi.

Mnaniuliza kisa kinafundisha nini. Kinafundisha kwamba watu wazuri wanaweza kumwacha mtu afe kwa upweke huku wakimsalimu asubuhi na jioni, kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenziwe atangulie. Ukikaribishwa konzi ya makande, ingia ule. Usiangalie nani ameingia kabla yako. Na wewe usiyekaribishwa, ukiona mtu anakula peke yake siku ya tatu, piga hodi, hata ukaambiwa umefuata mbuzi.

Kisa changu kimefika kwenu, kimeketi. Mkikipenda mpeni maji ya kunawa. Msipokipenda, mfungulieni mlango taratibu, kiende kwa wengine.