Saba ya Mwalimu, Nne ya Katekista

Kabla sijasimulia niungame: niliona kosa likiwa ubaoni, nikanyamaza. Mwalimu alikuwa na diploma. Mimi katekista nilikuwa na darasa la saba na kengele ya shule. Mungu anisamehe.

Hapo zamani, huku kwetu Iramba, parokia ilileta shuleni baiskeli moja. Mwalimu Msengi, aliyetoka chuo majuzi na saa mpya mkononi, akatangaza: "Ataichukua atakayenipatia mwendokasi wa Nyamizi, kutoka kwao mpaka hapa."

Mwanafunzi huyo Nyamizi alitembea kilomita kumi na mbili kila asubuhi. Kipindi cha hesabu hakuwahi kukikuta. Siku hiyo mwalimu akaenda kwao kwa pikipiki, akamwambia, "Haya, anza," akaandika 7:00, akarudi peke yake na kuinakili ubaoni. Kumpakia kungeharibu sayansi.

Mtoto alipoingia getini, nikatazama saa yangu, nikaandika ubaoni, chini ya ile 7:00, saa nne kamili, 4:00.

Mwanafunzi Kitundu akasimama. "Mwalimu, ulisema muda ni kufika toa kuanza. Nne toa saba, hasi tatu. Kumi na mbili gawa kwa hasi tatu, hasi nne. Kanuni nimeifuata, baiskeli yangu."

"Kumbe Nyamizi kaja kinyumenyume," akasema mwalimu. "Pole mama, shingo haiumi?"

Mwenzake Makala naye akasimama. "Saba ni ya saa yako, Mwalimu, ya Kizungu. Nne ya Katekista ni ya kwetu. Saa moja mpaka saa nne ni saa tatu. Kumi na mbili mara tatu, thelathini na sita. Kosa nimeliona mimi, baiskeli yangu."

"Kilomita thelathini na sita kwa saa. Huyo baiskeli itamchelewesha."

Nyamizi alikuwa bado anajifuta vumbi. "Shikamoo Mwalimu. Kugawanya sijui, mnagawanya nikiwa barabarani. Ila kila kilomita ina jiwe lake, na nyumba za huko zina redio, habari kila saa. Kati ya taarifa ya habari moja na nyingine napita mawe manne. Mwendo ni wangu, na baiskeli naiomba."

"Nne ni sahihi," akasema mwalimu. "Lakini hujaonyesha njia."

"Njia nimeipita, Mwalimu."

Darasa likacheka. Mwalimu akanigeukia: "Katekista, wewe mtu wa Mungu, amua."

Mmoja alishika kanuni, mmoja aliona kosa, mmoja alilifikia jibu kwa miguu. Je, nani alistahili baiskeli?

Naomba unijibu, na unipe sababu.